Bakuli la Sombe Kwenye Korongo

Ndugu zangu mnaoniuliza tangu Jumapili: hapana, hatukumzika mtu. Najua picha inavyoonekana. Mimi niko ndani ya maji hadi kifuani, katikati ya kuta mbili za mwamba, na kichwani nimebeba kifurushi cha kitenge nimekishika kwa mikono miwili. Mbele yangu yupo Mzulu mmoja amevua kofia. Nyuma yangu Papa Dédé ameachama anaimba. Zawadi aliirusha picha hiyo kwenye kundi bila neno hata moja, na nyie mkaanza kutuma pole. Wawili mmeuliza jina la marehemu. Basi nimekaa niandike yote mara moja, maana nimechoka kumsimulia mteja mmoja mmoja huku nimeshika bisibisi.

Umbilo: mkuu wa vifaa

Kwa wasiotujua: mimi ni Rajabu, mtu wa Tanga, natengeneza simu katikati ya mji wa Durban, Afrika Kusini. Kibanda changu kimegusana na saluni ya Mama Espe, Mkongomani wa Uvira, ambaye amenilisha mchana kwa miaka sita bila kuniuliza kama nina njaa. Zawadi ni mtoto wa marehemu dada yake. Alimbeba mgongoni walipokimbia vita, akamlea hapa, na mwaka huu binti amemaliza chuo. Alipoulizwa anataka sherehe gani, akasema hataki sherehe. Anataka kwenda milimani Drakensberg, kwenye korongo walilokwenda wenzake wa darasani, na anataka mama yake mdogo apite naye mwanzo hadi mwisho.

Korongo lenyewe ni mpasuko mwembamba kwenye mwamba. Maji yameuchonga, na ukipita ndani unagusa ukuta huku na huku. Hili letu ni la watu wanaoanza: hakuna kuning'inia kwenye kamba, ni kutembea, kulowa, na kutoogopa kiza kidogo.

Nikajipa cheo cha mkuu wa vifaa. Hakuna aliyenichagua. Kwa wiki mbili nilitazama video za watu wanaopita makorongo, nikaandika orodha nikaibandika ukutani kwa Mama Espe, kati ya mitindo ya kusuka. Viatu viwe vya zamani, vyenye soli ya mpira inayong'ata jiwe, kwa sababu kiatu kipya humaliza ugomvi wake kwenye kisigino chako. Soksi za sufu, za pamba zikilowa hazikauki. Jinzi marufuku, ikilowa unabeba mtu wa pili. Maji lita mbili kila mmoja, karanga, tende, taa ya kichwani, jaketi jepesi, na nguo za kubadilisha zibaki garini.

Halafu likaja jambo nililojivunia kuliko yote. Nilimnunulia kila mtu kifuko cha plastiki cha kuvalia shingoni, kisichoingiza maji, cha kuwekea simu. Nilikijaribu mbele ya wateja kwa kuzamisha simu yangu mwenyewe kwenye ndoo. Ilitoka kavu, inaita. Watu walipiga makofi, na mimi nikaona hakuna kilichosahaulika.

Siku ya safari nilipita nyumbani kwa Mama Espe, Umbilo, alfajiri, saa kumi na moja kama tulivyopatana. Nilimkuta anasonga fufu, ule ugali wao wa muhogo. Pembeni kulikuwa na lile begi la mistari, shangazi kaja, limejaa hadi zipu inalia: sufuria, sahani, kuku wa kukaanga, mabuti ya kuoshea saluni, kitenge, na bakuli kubwa la plastiki la sombe, yaani kisamvu chao kilichoungwa kwa mawese na samaki mkavu.

"Mama," nikasema, "tunaenda kutembea, hatuhami. Hilo bakuli liache."

Hakugeuka hata kunitazama. "Rajabu, weye ulishatembea na njaa?"

"Hapana, mama."

"Mi nilishatembea. Siwezi rudilia."

Nikabeba begi. Mabuti ndiyo niliyofanikiwa kuyatoa, baada ya kumweleza kwamba buti likijaa maji linakuwa ndoo mguuni. Zawadi akampa raba zake za zamani. Tukaondoka saa moja na nusu.

Cato Manor: Papa Dédé ajitokeza

Gari lilikuwa la Papa Dédé, Mkongomani mwingine, kiongozi wa kwaya ya kanisani kwa Mama Espe. Nilimtumia orodha mara tatu na mara tatu akajibu "sharp", yaani sawa. Alitoka nyumbani kwake amevaa suruali iliyopigwa pasi ikasimama, shati jeupe, na viatu vya ngozi vyenye ncha, vinang'aa kiasi cha kujitazamia ndevu.

"Papa, hivyo viatu vya mlimani?"

"Ndugu, ata mulima inaangaliaka mutu."

Kwa bahati namjua. Nilikuwa nimebeba jozi ya ziada ya raba zangu, namba tisa. Akazitazama, akasema atazivaa pale tu ambapo hakuna anayemuona. Zawadi alicheka mpaka robot ya kwanza, ndivyo huku tunavyoziita taa za barabarani.

Barabara kuu

Kutoka Durban barabara inapanda tu. Joto la pwani tuliliacha nyuma ya Pinetown, na tulipopita Pietermaritzburg tayari madirisha yalikuwa yamefungwa. Tulisimama mara mbili: mara moja Papa Dédé alitaka kahawa, mara ya pili Mama Espe alitaka kuhakikisha sombe halijamwagika. Halikuwa limemwagika. Bakuli lile lina mfuniko wenye vibanio vinne, akanionyesha kwa kuligeuza juu chini juu ya suruali yangu.

Karibu na mahali pa kuachana na barabara kuu tulikuta askari wa doria. Afande mmoja kijana akainama dirishani, akataka leseni, kisha akataka vitambulisho vyetu sote. Mimi nilitoa kopi ya pasi yangu ya kusafiria. Yenyewe hubaki kabatini, kwa ufunguo. Mama Espe akaingiza mkono kifuani, akafungua pini, akatoa karatasi yake ya ukimbizi.

Nimekaa jirani naye miaka sita na sikuwahi kuiona kwa karibu. Ilikuwa imekunjwa mara nne, mikunjo imekatika na kuungwa kwa gundi ya karatasi, muhuri umefifia. Afande aliishika kwa ncha za vidole kama aliyekabidhiwa kifaranga. Akaisoma, akairudisha kwa mikono miwili.

"Sawa, Ma. Na hiyo harufu nzuri ni ya nini?"

Mama Espe akamweleza habari za sombe kwa Kiingereza chake na mikono yote, foleni ikirefuka nyuma yetu. Tulipoondoka akaipachika karatasi mahali pake na kufunga pini.

"Mama mudogo, kwa nini hukuleta kopi?" Zawadi akauliza.

"Kopi? Siku ile walinikamata pale Umbilo Road nilikuwa na kopi. Walisema kopi si papier. Tangu ile siku, mi siachaka karatasi. Ku kanisa iko, ku soko iko, ata nikilala iko chini ya muto. Na Jumanne nina rendez-vous ya ku-renew. Bila ya zamani hawapeane mupya."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Niliyasikia yote yale, mimi mkuu wa vifaa, nikatikisa kichwa kwa huruma, nikaendelea kula tende.

Chini ya milima

Mwongoza njia wetu alikuwa Themba, mtu mzima mpole na mcheshi mwenye kofia ya sufu, aliyezaliwa kijiji cha jirani. Kabla hajatusalimia vizuri alitazama mawingu kwa muda mrefu. Alituambia kanuni yake ni moja: kukiwa na wingu jeusi kule juu ya kilele, hata kama huku chini jua linawaka, hakuna anayeingia, kwa sababu mvua ya huko juu hushuka korongoni bila kubisha hodi. Siku hiyo anga lilikuwa safi. Akagawa helmeti. Ya Mama Espe haikuingia juu ya rasta mpaka akazifungua na kuzisuka upya chini ya mti wa getini, nusu saa nzima.

Tulipanda kufuata mto kwa saa mbili, na mpangilio ulikuwa huu: Themba mbele na kamba yake ya tahadhari, mimi na bakuli, Papa Dédé na sufuria la fufu limefungwa mgongoni kwa kitenge. Bibi mmoja wa Kizungu mwenye fimbo mbili alisimama kutupisha, akalitazama sufuria, akatutazama sisi, akauliza kama huko juu kuna harusi. Papa Dédé akamjibu kwamba ipo, na amekaribishwa.

Mdomoni

Ukifika pale, mto unatoka kwenye mwamba kama unatoka mlangoni. Upana wa mlango ni wa watu wawili wembamba. Tulikula kwanza. Mama Espe alipakua fufu na sombe kwenye sahani, na Themba akapelekewa yake kwenye jiwe alikokuwa anakunja kamba. Aliomba tena mara mbili, kisha akaenda juu kidogo kukagua maji na anga.

Aliporudi alisema kwa siku hiyo maji katikati yanafika kifuani, kisha akatuacha tujiandae, akaenda kwenye mlango wa korongo kuweka kamba yake sawa.

Nikaanza kugawa vifuko vyangu vya simu kama mtu anayegawa vyeti. Nilipofika kwa Mama Espe alikuwa ameshika kifua, pale penye pini.

"Yafika wapi?"

"Kifuani, mama."

Akakaa chini. "Basi muende. Mi nitabaki hapa, nitachunga sac zenu."

Ndipo akili yangu ikafunguka, ikiwa imechelewa kama kawaida yake. Papa Dédé naye alikuwa ameingiza mkono mfukoni, na Zawadi ameshika mfuko wa jaketi. Wote watatu walikuwa na karatasi zao za ukimbizi, zenyewe, si kopi. Nilifikiria soksi zao, nikafikiria simu zao, wala sikufikiria kitu pekee ambacho hawakitoi mwilini. Niliona haya sana. Nikajaribu kifuko cha simu: karatasi haiingii bila kukunjwa tena, na ile ya Mama Espe ikikunjwa mara moja zaidi ingegawanyika vipande.

"Iache kwenye begi, hapa hakuna mtu," nikasema.

"Hapa hakuna mutu, njo tatizo. Nani ataichunga?"

"Themba hawezi kubaki. Papa Dédé je?"

"Papa Dédé alikuja kutembea. Muende tu, watoto wangu, ça va."

Zawadi alikaa kando yake, akaanza kufungua kamba za viatu. "Kama haupite, na miye sipite."

"Zawadi! Ulisoma miaka ine ukingojea hii siku."

"Nilingojea kupita na weye."

Papa Dédé akakohoa, akainamia sufuria kukwangua ukoko usiokuwapo. Mimi nikageuza macho nisilie, na macho yakatua kwenye bakuli. Lile nililotaka kuliacha Umbilo. Tupu, mfuniko wa vibanio vinne, na asubuhi lilipinduliwa juu ya mapaja yangu bila kuacha tone. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Tulilifuta kwa tishu zote tulizokuwa nazo. Mawese hayatoki kwa tishu, lakini tulifanya tulichoweza. Mama Espe alitoa kwenye mkoba zile kofia za nailoni anazowavika wateja wakati wa dawa ya nywele, kila karatasi ikavishwa kofia mbili. Tukabana vibanio. Kisha kitenge kikazungushwa bakuli zima, kikafungwa fundo.

Likabaki la nani abebe. Mama Espe alilikumbatia muda mrefu, halafu akanipa mimi. Alikuwa analia.

"Rajabu. Hii njo miye mwenyewe umebeba."

Papa Dédé akaomba dua ndefu, mkono juu ya kifurushi. Mimi nikainua viganja nikaomba kwa namna yangu. Tulipofumbua macho, Themba alikuwa amesimama pale na kamba yake, amevua kofia, ameinamisha kichwa.

Ndani

Maji yalikuwa ya baridi ya kuuma meno. Mwanga unashuka kutoka juu kama unapitia mlango ulioachwa wazi kidogo, na ukuta ukiugusa ni laini, umesuguliwa miaka na miaka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: mahali pengine mwamba ulishuka hadi puani, na mimi na kifurushi kichwani tulipita kwa kukunja magoti.

Themba alikuwa amebadilika. Mtu aliyetuchekesha njia nzima sasa alizungumza kwa sauti ya chini, na hakuzungumza na sisi. Kizulu changu ni cha dukani, lakini nilikuwa namuelewa. Kila hatua alikuwa anageuka kuliambia bakuli.

"Sasa tunavuka maji, usiogope. Sasa tunakata kulia. Hapa ni pembamba, vumilia."

Mwanzoni nilidhani ananiambia mimi, kwamba ni desturi ya waongoza njia kuwatuliza wageni. Nikamjibu, "Asante, siogopi." Akanitazama kwa ukali.

"Bhuti, ndugu yangu, wewe usiseme. Unayebeba hasemi na mtu."

Nikanyamaza. Papa Dédé akaona utulivu umezidi, akaanzisha wimbo wa kanisani, na korongo likaurudisha kwa sauti kumi. Zawadi ndipo alipopiga ile picha.

Hatua kama ishirini baadaye nikakanyaga jiwe la duara, mguu mmoja ukaenda Lesotho, mwingine ukabaki Natal. Nilizama mzima. Nilipoibuka mikono yangu ilikuwa mitupu.

Kitenge kilikuwa kinaelea, kinarudi nyuma tulikotoka, kinajipindua taratibu. Papa Dédé alinyoosha mkono akakikosa. Zawadi alikuwa ukutani, hana pa kuegemea. Nyuma ya wote alikuwa Mama Espe, aliyekuwa amekuja kwa kushika ukuta kwa mikono miwili tangu mwanzo, hatua moja moja, macho yamefumba nusu. Akaachia ukuta. Alijitupa kwenye maji kwa tumbo, helmeti ikamshuka usoni, akalipokea bakuli kifuani na kulibana kwa viwiko.

Themba akapaza sauti kwa bakuli: "Uko salama! Mama amekushika!"

Kutoka hapo Mama Espe alilibeba mwenyewe, mikono juu, mpaka mwisho. Hakushika ukuta tena.

Upande wa pili

Korongo linafunguka kwenye uwanja mdogo wa mawe yenye jua. Mama Espe akapiga magoti, akaanza kufungua fundo kwa meno. Themba akamzuia kwa upole.

"Ma, si hapa. Mpelekeni mpaka nyumbani kwanza."

"Nani?" nikauliza.

"Marehemu wenu."

Tukatazamana. Nikamuuliza polepole amedhani tumebeba nini. Akaeleza kwamba kwao mtu akifa mbali, ndugu huenda kuichukua roho yake, na njiani humtajia kila mto wanaouvuka asije akapotea, na anayembeba hazungumzi na watu wengine. Aliona machozi, dua, kitambaa kizuri, na Mama akisema neno wakati wa kunikabidhi. Akahisi amekaa kula na wafiwa bila kutoa pole. Amekuwa na huzuni korongo zima.

Papa Dédé ndiye aliyeanza kucheka, akalala chali juu ya jiwe na shati lake jeupe. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, Themba akiwa wa mwisho kuanza na wa mwisho kumaliza. Kisha Mama Espe akabandua vibanio, akavua kofia za nailoni moja moja, akazitandaza karatasi juu ya jiwe la moto na kukandamiza kwa vijiwe.

Zilikuwa kavu. Ya kwake ilikuwa na doa la mawese pembeni, dogo kama ukucha.

Themba alichuchumaa akaitazama bila kuigusa. "Kumbe ni karatasi tu."

"Si karatasi tu, baba," Mama Espe akamwambia. "Hiyo njo inasema niko."

Themba akagusa kifua chake, upande uleule wa pini. "Gogo wangu, bibi yangu, pia aliiweka hapa. Ile pasi ya enzi za Wazungu, Mwafrika asiyekuwa nayo alikamatwa. Hata baada ya kufutwa, hata sheria ilipokwisha kabisa, alikuwa akitoka kwenda kisimani anapapasa kwanza hapa. Mpaka tunamzika."

Mama Espe alimtazama, akamtolea jaketini paja la mwisho la kuku, nalo limevikwa kofia ya nailoni.

Mjini tena

Tulirudi kwa njia ya pembeni isiyo na maji, na jua lilikuwa bado lipo tulipoingia barabara kuu. Jumanne Mama Espe alikwenda kwenye miadi yake. Karani, anasema, aliinua karatasi, akainusa, akamtazama, akainusa tena. Kisha akampa mpya.

Wanaotaka orodha ya vifaa, ipo bado ukutani saluni. Nimeongeza mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: bakuli lenye vibanio vinne.

Jana mchana nilikuwa na Mama Espe mtaani, kwa mama anayeuza nyanya karibu na kituo cha taxi, daladala za huku. Alikuwa anazichagua kwa kuzibonyeza, kama kawaida yake, huku ananisuta kuhusu kuanguka kwangu. Ghafla mkono ukaruka kifuani. Akapapasa kulia, akapapasa kushoto. Uso ukabadilika, na mimi nikaanza kutazama chini labda imedondoka.

"Eish," akasema. "Iko ku nyumba. Iko mu bakuli."

Alikuwa ametoka asubuhi, amepanda taxi, amesuka vichwa vinne, amekula, na saa nane hii ndiyo kwanza anakumbuka. Nikamwambia nitamsindikiza akaichukue. Akatazama upande wa Umbilo. Akatazama nyanya mkononi.

"Ngoja kwanza," akaniambia, akainama kuchagua nyingine.